Wifi na Fleti ya Thornacombe

— Hiyo picha ya harusi itoe ukutani, wifi. Mpiga picha anakuja saa tano.

Tamsin alibaki ameshika kitambaa cha vumbi.

— Picha imekosa nini?

— Haijakosa kitu. Ila mtu anayetafuta nyumba akiziona sura zenu, anajiona mgeni. Tunataka ajione mwenyeji. Halafu kucheka vile, na nyinyi mnaachana... haipendezi.

Georgina alilitamka hilo "mnaachana" kama mtu anayesema mvua itanyesha. Alikuwa dada mkubwa wa Edmund, mumewe Tamsin, na ndiye dalali aliyepewa kazi ya kuiuza fleti yao. Viatu vyake virefu vilikuwa vinagonga mbao za sakafu ambazo Tamsin alizipiga msasa mwenyewe, akiwa amepiga magoti, majira yote ya baridi.

Zamani jumba lote la Thornacombe, hapa kwetu Devon, lilikuwa la ukoo wao Georgina, pamoja na mashamba na farasi. Utajiri ukaisha, jumba likauzwa, mwisho likakatwa vipande vya fleti. Edmund alipomuoa Tamsin, binti wa muuza chipsi kutoka Cornwall, walinunua fleti iliyochakaa kuliko zote, nusu ya ule ukumbi mkubwa wa kupokelea wageni. Wakaifufua. Jiko jipya, sakafu inayopasha miguu joto, bafu la kisasa, na juu dari ileile ya maua ya chokaa, imesafishwa ua kwa ua kwa mswaki. Siku walipomaliza walicheza muziki peke yao katikati ya chumba kitupu. Sasa ilikuwa inauzwa, kwa kuwa Georgina alimletea Tamsin habari kwamba Edmund ameichoka ndoa.

— Na ule ubao mliozibia meko ya kuotea moto, nimemwambia fundi autoe, Georgina akaendelea. — Watu wa majumba ya kale wanapenda meko wazi.

— Tuliyaziba kwa sababu ya baridi.

— Baridi ya mwaka huu haitakuhusu, mpenzi.

Tamsin akakikunja kitambaa cha vumbi.

— Edmund amekwambia nini hasa?

Georgina akamshika bega, sauti ikashuka.

— Kachoka, wifi. Anaona aibu kukwambia. Usimuulize, utamvunjia heshima. Unamjua kaka yangu.

Jioni ileile, Edmund akiwa bado ofisini Exeter, simu yake ikalia. Meseji ya dada yake:

"Nimeongea tena na Tamsin. Bado anataka kurudi kwao kimya kimya. Kaniomba nisikwambie. Usimsumbue, muachie heshima yake."

Edmund aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akaizima simu.

Mnunuzi akapatikana upesi, Bwana Nigel Prentice, mtu wa suti ya kijivu na maneno machache. Siku aliyotoa bei, mke na mume walikaa mezani, viazi na pai ya kuku vikipoa mbele yao.

— Georgina anasema Bwana Prentice ametoa bei, Edmund alisema.

— Nimesikia.

— Iko chini kidogo.

— Kidogo, ndiyo.

— Wewe unaonaje?

— Mimi? Sina neno. Ukiridhika wewe.

— Kama wewe umeridhika, na mimi sina neno.

— Basi sawa.

— Sawa. Nikuwekee chai?

— Kama unaweka yako.

Jamani! Hivi ndivyo tulivyo sisi watu wa huku. Mtu yuko tayari kupoteza nyumba na ndoa, lakini si kumuuliza mwenzake "bado unanipenda?" Kuuliza hivyo mezani ni kukosa adabu, sawa na kumuuliza mgeni mshahara wake. Basi wakanywa chai. Kisha Tamsin akaenda chumbani, na Edmund akatandika shuka kwenye kochi karibu na meko, kama alivyokuwa akifanya tangu dada mtu aanze kupita pita.

Wakili akasema Jumatatu watabadilishana mikataba na mnunuzi. Hiyo ndiyo sheria yetu: kabla ya kubadilishana mikataba, mnunuzi anaweza kukuacha na wewe unaweza kumuacha. Mkishabadilishana, mlango umefungwa.

Jumamosi Tamsin alikuwa nje anaanika vitambaa vya meza. Kesho yake bustani ya Thornacombe ingefunguliwa kwa kijiji, kama kila mwaka: unatoa sadaka yako getini, unatazama mawaridi, unakunywa chai. Bi Luscombe akatokea na kikapu. Huyu ni mama mtu mzima anayekaa nusu ya pili ya ule ukumbi, na ndiye aliyekuja kunisimulia mimi zaidi ya nusu ya haya.

— Samahani, mwanangu. Si kazi yangu.

— Sema tu, Bi Luscombe.

— Tangu mtoe ule ubao, ukumbi umekuwa mmoja tena. Meko yenu na yangu yamepeana mgongo, bomba la moshi ni moja. Mtu akipiga chafya kwenu, mimi kwangu nasema "afya".

Tamsin akawa mwekundu mpaka masikioni.

— Kumbe unanisikia nikilia.

— Wewe unalilia chumbani, sikusikii. Ninayemsikia ni mwanamume.

— Edmund? Edmund analia?

— Mimi sijasema kitu. Si kazi yangu. Ila jina analolitaja ni moja, na si la Bwana Prentice.

Kitambaa kilimponyoka Tamsin kikaanguka kwenye majani. Alikaa nacho pale chini. Halafu akatoa simu, akamwandikia Edmund:

"Kesho baada ya chai nina swali. Nataka jibu la kweli, si la adabu."

Jibu likarudi kabla hajafika mlangoni:

"Na mimi ninalo langu."

Jumapili jua likatoka, jambo ambalo sisi Devon tunalishukuru kimya kimya lisije likajisikia. Chai iliandaliwa sebuleni kwa Bi Luscombe, kwa kuwa milango yake mikubwa inafunguka moja kwa moja kwenye nyasi. Kijiji kizima kilikuwepo. Na mimi nilikuwepo, nimeshika sahani.

Sasa lazima niseme habari ya skonzi, vile vimkate vya chai. Huku Devon skonzi unaipasua, unapaka krimu kwanza, jamu inakaa juu. Wa Cornwall, ng'ambo ya mto, wanapaka jamu kwanza, krimu juu. Usicheke. Watu wamenuniana kwa miaka kwa ajili hiyo. Kila mwaka Tamsin alileta sinia lake la kwao, na kila mwaka alirudi nalo kama alivyokuja. Hata Edmund, mtoto wa Devon aliyezaliwa na kukulia hapa, hakuwahi kuligusa mbele za watu.

— Tamsin, mama, umezipindua tena! alipiga kelele mzee Harry Widger, mpiga kengele wa kanisa.

— Zimekaa sawa, mzee. Kilichopinduka ni kijiji chenu!

Watu wakacheka. Edmund, aliyekuwa anamimina chai pembeni, akatabasamu kidogo, wakatazamana, kila mmoja akakimbiza macho.

Ndipo meko ya Bi Luscombe yalipoanza kuongea.

— Pima na dirisha la mashariki, Nigel. Mapazia yale ya maua yanatoka, yananiumiza macho.

Ilikuwa sauti ya Georgina, safi kana kwamba yupo katikati yetu. Kila mtu alisimama na alichokishika. Dalali ana funguo, bila shaka alijua wenyeji wote wako kwenye chai.

— Una hakika hawajui kwamba tunanunua pamoja? aliuliza Prentice.

— Wajulie wapi? Karatasi zina jina lako. Kesho tukibadilishana mikataba, nyumba ya babu zangu imerudi kwangu, na yule wa chipsi anarudi kwa baba yake akakaange.

— Na kaka yako?

— Edmund nimemwambia mkewe kamchoka. Mkewe nimemwambia Edmund kamchoka. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumuuliza mwenzake!

Akacheka. Kicheko kikashuka kwenye bomba la moshi, kikatoka na vumbi jeusi kidogo mbele ya sahani zetu.

Edmund alikuwa ameweka birika chini. Uso wake ulikuwa mweupe pe. Lakini aliyetembea ni Tamsin. Alipita katikati yetu na aproni yake ya unga, akapiga magoti mbele ya meko, akaweka mikono miwili mdomoni.

— Wifi!

Ng'ambo ya ukuta kicheko kikakatika.

— Dirisha la mashariki usilipime. Haliuzwi.

Kitu kizito kikaanguka kule. Nadhani futi ya kupimia ya Bwana Prentice. Edmund akapiga magoti pembeni ya mkewe, akainamia mlemle.

— Georgina, njoo. Chai inapoa na kijiji kizima kinakusubiri.

Hakukuwa na njia nyingine ya kutokea isipokuwa kwenye nyasi, mbele yetu sote. Prentice alitangulia, anatembea haraka kuelekea kwenye magari kama mtu aliyesahau kitu motoni. Hakugeuka hata kumtazama mwenzake. Georgina alibaki peke yake kwenye majani, visigino vinazama.

— Nyumba hii ilikuwa yetu! alisema, sauti ikapasuka. — Nilikulia kwenye hadithi zake. Wewe hukuwahi hata kuipenda mpaka alipokuja huyu na msasa wake!

— Kweli, Edmund alijibu. — Niliipenda kwa sababu yake. Na ungeitaka, ungesema.

— Ningesemaje?

— Kwa mdomo, wifi, Tamsin alisema. — Kama ulivyosema sasa hivi mekoni. Kuanzia leo wewe si dalali wetu. Funguo.

Georgina akafungua mkoba. Funguo zikatua kwenye kiganja chenye unga. Nitasema ukweli, nilimuonea huruma kidogo alipokuwa anavuka bustani, ila si sana.

Edmund akamgeukia mkewe. Mtu huyu sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata mpirani.

— Swali langu ni hili, Tamsin. Unataka kuniacha?

— Ndilo hilohilo langu!

— Basi jibu!

— Sitaki! Sijawahi kutaka hata siku moja! Na wewe?

— Nalala kwenye kochi nalia kama mtoto, mwanamke! Nitake kukuacha niende wapi?

— Kwa nini hukuniambia?

— Sikutaka kukusumbua.

— Nisumbue, Edmund! Nisumbue kila siku!

Bi Luscombe alijifuta macho kwa kitambaa cha meza. Na Edmund, mbele ya Devon yote, mbele ya mchungaji na mzee Widger na mimi na sahani yangu, alinyoosha mkono kwenye sinia la Tamsin. Akachukua skonzi yenye jamu chini na krimu juu. Akaing'ata nusu nzima.

— Msaliti! alinguruma mzee Widger.

— Nipe nyingine, Edmund alisema, krimu imemganda puani.

Tamsin alicheka, akalia, akamfuta pua kwa aproni, na unga ukamjaa usoni. Wakakumbatiana hivyohivyo. Watu wakapiga makofi, na sisi huku kupiga makofi kwenye chai si kawaida. Sinia la Tamsin likaisha kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Hata mzee Widger nilimuona akificha moja chini ya kofia.

Jumatatu asubuhi Tamsin alimpigia wakili mwenyewe.

— Tumejitoa. Hapana, hatutafuti mnunuzi mwingine. Hapana, hatujapata bei bora. Tumepata nyumba.

Kisha wakatoka wote wawili na koleo, wakang'oa kibao cha "Inauzwa" pale getini. Picha ya harusi ilikuwa imesharudi ukutani. Bi Luscombe alikuwa anawatazama akiwa kwenye mawaridi yake.

— Hongereni, wanangu. Nimefurahi, na kijiji kimefurahi.

— Asante, Bi Luscombe, Edmund alisema. — Tuna deni kwako. Omba chochote.

Mama wa watu akakohoa kidogo, akaangalia pembeni.

— Si kazi yangu. Ila kile kibao mnachokitoa hapo, nakiona kinaenea vizuri mekoni. Yazibeni nacho leo leo, kabla jua halijazama. Nyie mmepatana, na mimi nina usingizi mwepesi.