Kubweka Kati ya Alizeti

Mwezi wa saba, upepo wa Singida hauombi ruhusa. Unapita chini ya mlango na kuingia hadi ndani ya blanketi. Lakini ndio mwezi wa kupura alizeti, na siku hiyo Selina wa Mwankoko alikuwa amepura kutwa nzima na mume wake, Alute. Bintiye Faith, wa miaka miwili, alishinda amelala kwenye turubai karibu yao. Alikuwa na mafua kwa siku mbili na sauti yake ilikuwa imekauka kidogo. Mafua ya baridi, nani atayaogopa?

Usiku Selina alilala kama gunia. Alizeti alizopura mchana zilikuwa kavu, zimeinamisha vichwa. Ndotoni zilisimama tena, za njano tupu, zikageuka zote kumtazama. Alitembea katikati yake bila kuchoka. Kisha mbwa akabweka. Hakumwona, ila alimsikia karibu, kisha karibu zaidi. Alizeti zikatikisika. Mbwa akabweka tena, safari hii sikioni kwake.

Selina akafumbua macho. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Alute alikuwa ameshasimama gizani, fimbo mkononi.

"Mbwa ameingia ndani," alisema Alute. "Huyo amefuata kuku wa Mama!"

Kwa! Kwa! Sauti ikatoka kitandani.

"Weka fimbo, Baba Faith," alisema Selina. "Siyo mbwa. Ni mtoto."

Faith alikuwa ameketi, macho yamemtoka. Alikohoa tena, kikohozi kikavu, kama mbwa kabisa. Alipovuta hewa, koo lilitoa mlio mwembamba. Selina hakuwahi kusikia mtoto akipumua hivyo. Aliogopa, aliogopa sana.

Mama mkwe wake, Bibi Eliza, aliingia na jiko la mkaa linalowaka. Hakuwa mtu wa kusubiri kuitwa.

"Baridi imemwingia kifuani," alisema. "Funga mlango, mfunike blanketi, apate joto. Nipe kijiko nimtazame koo. Hicho ni kimeo, kimekuwa kirefu."

Alipomsogezea kijiko mdomoni, Faith alipiga kelele. Kadiri alivyolia, ndivyo mlio ulivyozidi. Moshi ulijaa chumbani.

"Mama, subiri kwanza," Selina aliomba. "Nampigia Yeremia."

Yeremia alikuwa jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Alifika na shuka begani, viatu vya kulia na kushoto vimebadilishana. Selina alidhani angemshika mtoto mara moja. Wapi! Alichuchumaa mbali kidogo, akasema polepole kana kwamba ana siku nzima.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone, anakufa huyu!"

"Tuongee taratibu, Mama, anatusikia. Alute, toa jiko nje. Moshi unamuumiza, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua hata mtu mzima. Selina, mvalishe sweta, mpakate wima, utoke naye barazani. Kijiko kisirudi mdomoni."

"Barazani? Na upepo huu?" Bibi Eliza aling'aka.

"Amevaa sweta, Mama. Hewa ya ubaridi huwasaidia baadhi yao. Asilie tu. Akilia, njia ya hewa inazidi kubana."

Selina alikaa barazani, mtoto kifuani. Nje kulikuwa kimya. Nyota zilikuwa karibu sana hata Faith akanyoosha kidole. Selina alimwimbia wimbo usio na maneno, na usingizi wa ile ndoto ulikuwa bado umemkaa machoni. Kilio kikapungua. Kikohozi kikapungua. Lakini mlio haukwisha.

Yeremia alishusha ukosi wa sweta kidogo, akamulika kwa simu. Kila Faith alipovuta hewa, kishimo cha chini ya koo kilibonyea ndani.

"Angekuwa anakohoa tu, anacheza na kunywa, tungemwangalia hapa," alisema. "Lakini ametulia na mlio bado upo, na hapa panabonyea. Hatusubiri kuche. Alute, washa pikipiki. Selina, endelea kumpakata wima, usimlaze."

Katika kituo cha afya, muuguzi alimsikiliza Faith akiwa mapajani kwa mama yake. Akampa dawa ya kunywa, mara moja tu, ya kupunguza uvimbe. Kisha wakakaa, wakamwangalia. Selina alisinzia kwenye benchi, akaamka, akasinzia. Kila alipoamka alitega sikio. Jua lilipoingia dirishani, mlio ulikuwa umekwisha, na Faith alikuwa anadai chai.

Walirudi nyumbani mchana. Mlangoni walikuta mfuko wa nguo na kuku jike mweupe, amefungwa miguu.

"Mama, huyu kuku anasafiri?" Alute aliuliza.

"Wa fundi wa vimeo, kule Sepuka," alijibu Bibi Eliza. "Dawa yenu imetuliza tu. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kisipokatwa, kikohozi kitarudi. Kesho nampeleka Faith."

Selina alimkumbatia mtoto. Tangu aolewe hakuwa amewahi kumkatalia mama mkwe wake jambo.

"Hapana, Mama," alisema. "Faith hakatwi."

Bahati nzuri Yeremia alikuwa anaingia kumjulia mtoto hali.

"Mbona mimi nilikatwa," Bibi Eliza alimgeukia, "na niko hapa?"

"Na tangu ukatwe hujakohoa tena, Mama?"

Wiki iliyopita Bibi Eliza alikohoa hadi majirani wakamletea tangawizi. Alute alijikuna kichwa, akatazama pembeni asicheke.

"Kimeo hakina kosa," Yeremia aliendelea. "Kirusi cha mafua kimeshuka kwenye koromeo, hapa inapotokea sauti. Pamevimba. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba kama mrija, ikivimba kidogo tu anabweka. Wembe haufiki hapo. Wembe unaleta damu nyingi na vidonda, na tumezika watoto kwa hilo. Tusifichane."

Bibi Eliza alikaa chini. "Na kikohozi kikirudi usiku?"

"Kinaweza kurudi usiku mmoja au miwili. Mpakateni wima, mtulizeni, mpeni maji au uji kidogo kidogo. Msimfukize, mvuke wa moto umeunguza wengi. Dawa za kikohozi za dukani acheni, na za kuua bakteria haziui kirusi. Ila mkisikia mlio akiwa ametulia, mbavu zikabonyea, midomo ikawa ya bluu, udenda ukamtoka hawezi kumeza, au akalegea, mbio kituoni."

Bibi Eliza akainama, akamfungua kuku miguu.

Usiku ule Faith alikohoa kidogo, akatulizwa, akalala. Wiki haikuisha alikuwa anakimbiza kuku.

Mwezi wa nane Selina alirudi ndotoni kwenye alizeti. Njano tupu. Mbwa akabweka. Aliamka, akaweka kiganja kifuani kwa Faith. Kilipanda na kushuka, polepole, bila mlio.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Eliza alisimama pale, sweta ndogo mkononi. Hakuwa na jiko wala kijiko.

"Ni mtoto?" alinong'ona.

Kubweka kulisikika tena, nje, upande wa zizi la jirani.

"Hapana, Mama. Leo ni mbwa kweli."

Bibi Eliza alishusha pumzi.

"Mungu ashukuriwe," alisema. "Basi na yeye mwacheni. Asije mtu akamkata kimeo."