Bila Hisia

Sanduku la fidla lilimgonga Lioba begani, mfuko wake wa aprikoti ukapasuka katikati ya soko la Naschmarkt, Jumamosi ambayo hapakuwa na pa kukanyaga. Mwenye fidla, kijana mrefu mwenye koti la bluu lililopauka, akapiga magoti kuokota. Tunda la mwisho akainuka nalo, akabaki amelishika tu.

“Utalila au utaliposa?” Lioba akamtania.

Aliitwa Severin. Lioba alikuwa mtunzi wa muziki, ule wa kisasa unaowafanya mashangazi waulize muziki wenyewe utaanza lini. Alichoshwa na muziki unaowaamuru watu walie. Kufikia majira ya baridi walikuwa wamependana hasa, naye akamtungia Severin kipande cha fidla peke yake. Kwenye karatasi ya noti, chini ya jina la mpenzi wake, akaandika: bila hisia.

Mazoezini, kwenye noti ya mwisho, Severin alitetemesha kidole juu ya uzi, noti ikalia kama mjane.

“Mpenzi, nimesema usitetemeshe.”

“Ni moyo wangu huo.”

“Moyo wako sikuuandika. Kama huwezi, nitampa mwingine.”

Severin akafunga sanduku, akaondoka. Wiki zikapita bila simu. Lioba akawa anapika kahawa ya watu wawili na kumwaga kikombe kimoja. Hasira ilikwisha, kiburi kikabaki, na alimkumbuka mno.

Asubuhi ya siku ambayo kipande hicho kingeonyeshwa, simu ikaita.

“Umempata huyo mwingine?”

“Sikumtafuta.”

“Basi njoo ukumbini. Nitapiga ulivyoandika.”

Ukumbi ukiwa bado mtupu, Severin akapiga, uso mkavu, kidole tuli. Mwanga wa theluji uliingia madirishani, noti zikapita taratibu kama mtu anayetembea usingizini. Ya mwisho ikasimama, ndefu, bila kumwomba mtu chozi. Lioba akalia.

“Sasa unalia nini? Si bila hisia? Umeandika chini ya jina langu, Lioba. Nilidhani ndivyo ulivyo kwangu.”

“Jamani, Severin! Nilikukataza kuongeza hisia kwa sababu zote nilishaziweka. Noti hiyo ni wewe sokoni, umeshika tunda, huna la kusema.”

Severin akatoa mfukoni pete aliyoinunua kabla ya ugomvi.

“Nikuombe kwa hisia au bila?”

“Bila. Mkono usitetemeke.”

“Lioba, tuoane.”

Alisema kwa sauti kavu kabisa, mkono umetulia. Kidole kilichotetemeka kilikuwa cha Lioba.