Nifuteni Kabisa

Siku ile foleni ilikuwa imefika mpaka mlangoni, na aliyeisababisha alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, kakunja mikono, hana hata dalili ya kuondoka.

"Sitoki," alisema. "Leo mtanifuta huku nawaangalia."

Hiyo ilikuwa kampuni ya kutafutia watu wachumba kwa simu. Unaweka picha yako, umri wako, unachopenda na usichopenda, halafu unangoja bahati. Jumatatu asubuhi mapokezi yalikuwa yakifurika: mabinti waliojipamba, wajane wenye aibu, wazee wanaodai wametumwa na watoto wao. Na katikati ya manukato yote hayo alikaa fundi vioo, shati la bluu kakunja mikono hadi kwenye viwiko, futikamba kiunoni, vumbi jeupe la kioo kwenye nyusi.

"Kaka, tumeshakuambia umefutwa," alisema dada wa mapokezi, sauti imeanza kumkauka.

"Mliniambia hivyo wiki iliyopita. Jana kaja mama mmoja pale karakana na binti yake, kavaa kama anakwenda harusini. Nikadhani wanataka dirisha, nikawauliza vipimo. Mama akaniambia, tumekuja kukupima wewe, mwanangu, hebu simama."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.

"Na wala sikujisajili mimi. Ni dada yangu. Kachukua picha ya harusi ya mjomba, kakata watu wote, kaniacha peke yangu na mkono wa shangazi begani. Mimi nishamaliza kuchekwa. Nifuteni."

Nyuma ya kaunta alikuwa amesimama mwanamke aliyeshuka kutafuta waya wa kompyuta. Gauni la kijani, raba nyeupe, nywele kazisuka mistari na kuzifunga kwa kitambaa cha njano. Ofisini walimwita Mhandisi. Alikuwa na kasoro moja iliyokuwa ikimtafutia maadui kila alikofanya kazi: hakuweza kusikia mtu anadanganywa akanyamaza.

"Hujafutwa," alisema.

Dada wa mapokezi akamkata jicho. Mhandisi akaendelea kana kwamba hakuliona.

"Umefutwa hapa kwetu tu. Picha yako tulishawapelekea kampuni washirika, na huko hatukuwa na njia ya kukufuta. Ndiyo ninayoitengeneza sasa. Kuna kiunganishi, kinakaa katikati ya mfumo wetu na wao. Ukifutwa hapa, chenyewe kinabeba amri mpaka kwao. Unaondoka kote."

"Kinakamilika lini?"

"Ijumaa."

"Na nikijikuta bado nipo?"

"Usije kumsumbua huyu dada. Nitafute mimi."

Fundi akainuka, na foleni ikashusha pumzi. Akatoa kadi ya karakana yake.

"Namba yangu bado ipo huko kwa washirika wenu," alisema. "Lakini sitaki uichukue huko. Ichukue hapa, mkononi mwangu, nikiwa nimekupa kwa hiari yangu."

Mhandisi aliipokea. Wenye macho waliona hakuiacha kwenye kaunta kama kadi za wateja wengine. Aliitia mfukoni na kupanda ngazi bila kukumbuka waya alioufuata.

Alimpigia keshokutwa yake. Alijiambia ni mambo ya kazi.

"Nataka tu kuhakikisha umri wako," alisema.

"Hata mkinifuta mnataka umri wangu?"

"Nauliza tu."

"Basi na mimi nauliza tu. Unafanyaje kumfuta mtu?"

Mhandisi akaegemea kiti. Watu hawakuwa na kawaida ya kumuuliza kazi yake. "Kila mtu ana anwani yake kwenye mfumo. Kiunganishi nakipa anwani hiyo kamili, nakipa na ufunguo ili mlango ufunguliwe, halafu nakiambia: futa. Nikisahau kipande cha mwisho cha anwani, nafuta wote."

"Wote?"

"Mtaa mzima."

"Basi andika taratibu, mama. Jirani yangu hapa bado anatafuta mke, tusimharibie."

Alicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka kumtazama. Ijumaa ilipofika, kiunganishi kilipeleka amri na jibu likarudi, akampigia simu kwa furaha. "Umekwenda na maji."

"Alhamdulillahi. Sasa nani atanitafutia mchumba?"

"Dada yako."

"Dada yangu nimemnyang'anya picha zote. Sasa kazi hiyo ni yako, Kifutio."

Kifutio. Jina likamganda. Alimwita hivyo kwenye simu za asubuhi, akamwita hivyo walipokaa kula mahindi ya kuchoma kwenye ukingo wa barabara, akamwita hivyo siku alipokwenda kumwekea shangazi wa Mhandisi kioo kipya cha dirisha la jikoni. Shangazi, ambaye ndiye aliyemlea Mhandisi na ambaye hakuna mwanamume aliyewahi kumfurahisha, alisimama na kikombe cha chai akimwangalia fundi akipima, akiandika, akipima tena.

"Mwanamume anayepima mara mbili kabla ya kukata, huyo hakurupuki," alisema shangazi, fundi alipokwisha kutoka. "Ukimwacha huyo, usirudi kulia kwangu."

"Shangazi, na wewe. Ni rafiki tu."

"Rafiki mwenyewe umemvalia gauni la sikukuu."

Basi mapenzi yalikuwa yamenoga, na Mhandisi alikuwa ameanza kuyazoea, jambo ambalo ni hatari kuliko kupenda kwenyewe. Mwezi haukupita, simu ikalia mchana akiwa kazini. Hakuitwa Kifutio.

"Nimekuja kujua kitu leo," alisema fundi. Sauti ilikuwa ya chini sana. "Amekuja dada mmoja hapa. Anasema tumekuwa tukiandikiana. Mimi na yeye, kila siku. Eti humo aliniambia habari za msiba wa mama yake, amekuja na zawadi kaifunga vizuri. Nikamwambia, dada, mimi sijawahi kukuandikia hata neno. Unajua alifanya nini?"

"Mpenzi, ngoja kwanza."

"Aliniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi, tena mbele ya wateja, akashindwa hata kuupata mlango. Nimemliza mtu nisiyemjua kwa uso wangu."

"Nilikufuta. Nakuapia. Nina jibu hapa."

"Jibu la nani? Huyo dada kanionyesha simu yake. Mimi nipo. Picha ileile, na mkono wa shangazi begani. Siku ile watu wote pale walikuwa wakinidanganya, ukatokea wewe ukasema hujafutwa. Kwa neno hilo moja nilikupenda. Sasa niambie, nilimpenda nani?"

Akakata simu. Mhandisi akapiga tena, haikupokelewa. Akapiga mara ya pili, ikazimwa kabisa.

Machozi yalikuja, akayafuta kwa kiganja kwa hasira, akaivuta kompyuta. Akalifungua jibu lile alilojivunia. Lilikuwa pale, neno moja tu kutoka kwa washirika: imepokelewa.

Alikaa akilitazama. Amri imepokelewa. Hakuna mahali waliposema imetekelezwa. Ni kama kumtuma mtoto dukani, akakuitikia "naam" na kuendelea kucheza. Yeye aliisikia naam akaweka sufuria motoni. Na kulikuwa na kingine. Mlango wa washirika ulikuwa na sehemu ya kuchagua: kuweka kando, au kufuta kabisa. Bosi wake, mkurugenzi, alimwambia tangu mwanzo, hiyo iache kwenye kuweka kando, tutaibadilisha baadaye. Akaiacha. Mtu mzima, mjuzi wa kazi yake, aliambiwa iache na akaiacha.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha mkurugenzi, bila kubisha hodi.

"Wale walioomba kufutwa bado wapo," alisema. "Na kuna mtu anaandika kwa majina yao."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa suti nyepesi na maneno laini. "Kaa, binti."

"Nimezoea kusimama."

"Sisi na washirika tuna vijana wa kuchangamsha mazungumzo. Mteja akiandika asipojibiwa, anavunjika moyo, anaondoka. Yule fundi wako ana sura inayopendwa. Tukimfuta yeye na wenzake wote, nyumba inabaki tupu. Nani ataingia kwenye nyumba tupu?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Biashara ni biashara."

"Dada wa watu alimweleza mtu habari za kifo cha mama yake. Alikuwa anamweleza nani?"

Mkurugenzi akapanga kalamu zake mezani. "Hicho kiunganishi kinafanya kazi vizuri. Usikiguse. Hiyo ni amri, na nakuambia kwa upole kwa sababu nakuheshimu."

"Nimekusikia," alisema Mhandisi, na kweli alikuwa amemsikia. Kutii ndiko kulikomshinda.

Alirudi mezani kwake mchana kweupe, mlango wazi, wenzake wote wakimwona. Hakujificha. Kwenye kuweka kando, akaweka kufuta kabisa. Halafu akaongeza hatua ambayo angepaswa kuiweka tangu siku ya kwanza: kiunganishi kikishatoa amri, kirudi tena mlangoni kikaulize, fulani yupo? Kikiambiwa hayupo, ndipo mteja atumiwe ujumbe kuwa amefutwa. Kikiambiwa yupo, mteja atumiwe ukweli: bado upo, hatujakufuta.

Akaanza na anwani yake mwenyewe, maana wafanyakazi wote walisajiliwa siku ya kwanza kazini ili kujaza nyumba. Akaikagua mpaka kipande cha mwisho. Futa. Jibu lililorudi sasa lilikuwa jingine: imefutwa. Kiunganishi kikarudi kuuliza, kikaambiwa hayupo.

"Safi," alijiambia. Ndipo akawapitisha wote walioomba kutoka, wanaume kwa wanawake, wa zamani na wa jana. Hakumgusa hata mmoja ambaye hakuomba. Simu za mapokezi zikaanza kulia, watu wakipiga kushukuru, na dada wa mapokezi akapanda ngazi mbio kuuliza kuna nini, akaona, akakaa kwenye kiti cha jirani akatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Mkurugenzi alikuja uso umemwiva. "Umefanya nini wewe?"

"Kazi niliyoajiriwa. Mliniajiri nitengeneze kitu cha kufuta. Sasa kinafuta."

"Wewe na kampuni hii basi. Toka."

"Vitu vyangu nimeshavifunga, bosi. Na hao vijana wako uwaambie wenye sura zao wameondoka nazo."

Alitoka na mfuko mmoja begani. Njiani hakujuta. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na uhunzi wake aliujua. Alichokuwa akikiogopa kilikuwa mbele yake, ndani ya karakana yenye vioo vilivyoegemezwa ukutani.

Fundi alikuwa anakata. Alimwona, akamaliza mstari wake mpaka mwisho, kioo kikatengana kwa sauti ndogo, ndipo akainua uso.

"Nilikosea," alisema Mhandisi. "Walinijibu kwamba wamesikia, nikadhani wametenda. Na niliambiwa niache kitu ambacho sikupaswa kukiacha. Uongo haukuwa wangu, lakini uzembe ulikuwa wangu. Leo nimewafuta wote walioomba."

"Na kazi?"

"Nimefukuzwa."

Fundi akaweka chini kifaa chake cha kukatia. "Kwa ajili yangu?"

"Usijipe ukubwa. Mlikuwa wengi. Wewe ulikuwa mmoja wao. Yule dada nataka kumwona. Mimi ndiye wa kuomba radhi. Sitaki kumtafuta kwenye mfumo."

"Anauza viatu sokoni. Nitakupeleka."

Mhandisi akamnyooshea simu. "Jitafute."

"Umesema sipo, basi sipo. Nakuamini."

"Hapana. Mara ya kwanza uliniamini bure, ukaumia. Sitaki kuaminiwa bure tena. Tafuta, baba, tena tafuta vizuri."

Fundi akavua glavu. Akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akatafuta kwa kampuni, akatafuta kwa washirika, akaweka mpaka umri wake. Hakutokea popote. Alirudia tena kutoka mwanzo, na Mhandisi alimpenda zaidi kwa kule kurudia. Kisha akamrudishia simu, na mkono wake hakuutoa kwenye mkono wa mwenzake.

"Na mimi sitaki kuaminiwa bure," alisema. "Nenda kaulize mtaani. Muulize dada yangu, waulize wateja, muulize hata yule jirani. Ukisharidhika, uje unipe jibu."

"Jibu la nini?"

"Nataka kukuoa."

Mhandisi akamtazama usoni. "Nilishauliza."

"Lini?"

"Kabla sijakupigia ile simu ya kwanza. Nilipita hapa mtaani nikiwa nimejifunika mtandio, nikaulizia habari zako kila duka."

"Wakasemaje?"

"Kwamba u mkaidi. Ukishasema hutaki, hata uburutwe."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema ndiye huyohuyo ninayemtaka."