Jina la Bonifasia Kwenye Seva

Jokofu lilikuwa na kufuli yake, lakini ndani hamkuwa na kichupa hata kimoja. Chanjo zote za kichaa cha mbwa zilikuwa zimetoweka kwenye bohari ya dawa ya shirika moja la afya, Nyamiaga.

Inspekta Naima aliisoma hati ya kutolea mzigo. Iliidhinishwa kwa kompyuta Jumamosi, saa nane mchana, kwa jina la Bonifasia, mkuu wa bohari. Msaidizi wake aliiona, akampakilia mzigo dereva aliyekuja kuuchukua; hati haikutaja unakokwenda. Jumatatu Bonifasia akawekwa mahabusu, na Naima akaenda kumhoji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Jumamosi saa nane ulikuwa wapi?"

"Lukole, kwenye ubatizo wa mjukuu wangu. Muulize padri."

"Nywila yako umempa nani?"

"Sijampa mtu. Hata hiyo kompyuta hainiulizi."

Neno hilo lilimkaa Naima rohoni. Akamwita Gidioni, mtaalamu wa kompyuta.

"Seva, yaani kompyuta kuu, iko Ngara mjini," alieleza Gidioni. "Kompyuta ya mbali ikiiagiza kazi, lazima itaje jina na nywila. Aliyeunda programu aliviandika vya mama humo humo ndani, ili mama asisumbuke kuviandika kila mara. Kisha nakala ya programu hiyo ikapelekwa vituo vya afya kwa majaribio."

"Kwa hiyo yeyote akiifungua?"

"Seva inamwona Bonifasia."

"Agizo la Jumamosi lilitoka wapi?"

Gidioni alipekua kumbukumbu za seva. "Zahanati moja ya Nyarubungo, Biharamulo."

Kesho yake asubuhi, mganga wa zahanati hiyo, Renatus, alimkaribisha Naima kiti. Hakutafuta mlango wa kutorokea.

"Ulitumia jina la Bonifasia?"

"Nilitumia."

"Chanjo umemuuzia nani?"

"Sikuuza, afande. Ijumaa mbwa mwenye kichaa aliuma watu tisa hapa. Niliomba kwa jina langu, seva ikanikataa: sijasajiliwa. Wakubwa wakasema nisubiri mwisho wa mwezi. Ugonjwa huu hausubiri. Nikafungua ile nakala ya majaribio, ikakubali. Zilizobaki zipo kwenye jokofu. Nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Sikujua kama mama amekamatwa."

Barazani watu tisa walikuwa wakingoja dozi ya pili. Naima aliwatazama mmoja mmoja. Maelezo ya Renatus angeyaandika, hilo halikwepeki. Kwanza akapiga simu kituo cha polisi, akaomba apewe Bonifasia.

"Mama, uko huru. Nenda nyumbani."

Naima akamsimulia yote, kisha Bonifasia akauliza:

"Wamechanjwa wote?"

"Wote, dozi ya kwanza."

"Basi hizo zilizobaki msizirudishe, mwanangu. Bado wamebakiza dozi mbili."