Hema la Kimongolia

Damari, mpishi wa kambi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, na ng'ombe wote wa kambi walikuwa wamelizunguka hema la mgeni, kimya, vichwa vimeelekea mlangoni. Hakuna aliyekuwa akila. Aliwafukuza, wakasogea kidogo, kisha wakarudi. Alipofungua mlango alimkuta Evarista amelala chali kitandani, macho wazi, kucha zimeiva wekundu usio wa kawaida. Alikuwa ameshapoa.

Mkaguzi Tusajigwe alifika kutoka Mbeya mjini saa tatu. Kambi ilikuwa juu kabisa, kwenye nyanda za malisho, ambako watu wa mjini walikuja kuonja maisha ya wafugaji wahamaji wa Mongolia: kulala katika hema la duara la sufu, kukamua, kunywa chai ya maziwa yenye chumvi. Mwenye kambi, Lutengano, alijulikana hadi Iringa kwa simulizi za miaka miwili aliyoishi na wahamaji hao. Washarika wenzake wa kanisani ndio waliomchangia safari.

Mkaguzi aliingia hemani peke yake. Katikati, chini ya tundu la paa, palikuwa na jiko la mkaa. Alipuliza, majivu yakapeperuka. Akagusa zulia lililolizunguka jiko. Kavu. Tundu lilikuwa limefunikwa, na kamba ya kifuniko ilifungwa nje, kwenye kigingi. Evarista aliuawa na hewa yenye sumu ya mkaa.

Nje, tope la mvua ya usiku lilikuwa na alama za pikipiki iliyofika hadi mlangoni na kugeuza.

Damari alimnong'oneza kwamba mlima ule una wenyewe, na wenyewe hawapendi wageni. Mkaguzi hakubisha, ila aliuliza habari za chakula cha jioni. Damari akaeleza kwamba Evarista alikuwa daktari wa mifugo, alisomea Mongolia, na mezani alimsemesha Lutengano kwa lugha ya huko. Lutengano alijibu maneno mawili matatu, kisha akaondoka kabla hajamaliza kula.

Lutengano mwenyewe alizungumza kwa upole. "Afande, nilimpelekea jiko mvua ikinyesha kwelikweli. Nikaacha tundu wazi, hewa ipite. Aliyefunga alikuja baadaye." Akazitazama zile alama.

Pikipiki ilikuwa ya Samwel, mume wa marehemu, mtu wa Ipogolo, Iringa. Polisi walimkuta nyumba ya wageni mjini Mbeya. Hakukana kitu. Mkewe alikuja kambini bila yeye, wakagombana kwenye simu usiku ule, naye akawasha pikipiki kumfuata. Alifika alfajiri, akabisha, hakujibiwa. Alidhani bado amenuna, akashuka mjini. Alisema ng'ombe walikuwa wamesimama pale pale, wakimtazama.

Jioni Mkaguzi aliwakalisha wote watatu ndani ya hema. Ukungu ulikuwa umerudi.

"Samwel alikanyaga tope," alisema, "kwa hiyo alikuja mvua imekwisha. Lakini majivu ni makavu, na zulia ni kavu. Tundu lilifunikwa kabla tone la kwanza halijaanguka. Sasa, kaka Lutengano, mvua unayosema iliingia wapi?"

Lutengano aliligusa zulia. Kisha akasema yote. Hakuwahi kufika Mongolia. Wakala alimtupa njiani, akabeba mizigo bandarini katika nchi ya watu miaka miwili, akaona aibu kurudi na hadithi hiyo. Evarista angemuumbua mbele ya kanisa zima. Alimpelekea jiko wingu likitanda, akamwambia anafunika tundu kwa ajili ya mvua, na kwamba angerudi kulitoa jiko.

"Sikurudi," alisema.

Samwel alizungumza bila kuinua uso. "Alinipigia baada ya kula, kabla hatujagombana. Alifurahi. Alisema amepata mtu wa kuongea naye Kimongolia, ila lugha imemtoka mwenzake, atamkumbusha polepole."

Lutengano alimgeukia. "Nilipokuwa navuta kamba alisema neno kutoka ndani. Bayarlalaa. Nilijua ananicheka."

"Hata nyumbani alikuwa analisema," Samwel akajibu. "Alikuwa anakushukuru."