Laini ya Nyumba Iliyofungwa

Mimi siogopi kitu, hasa chenye waya, na haya nayaandika kwa sababu nilikuwepo mwanzo mwisho.

Dada yangu, fundi wa ruta, alikutana na Mrefu kwenye ukumbi wa wateja wa kampuni ya intaneti, watu wakisukumana foleni. Dada gauni la kijani, Mrefu ovaroli, kavaa bunda la waya shingoni kama bwana harusi.

"Wewe ndiye wa makabati ya mitaani?"

"Na wewe ndiye unayenikatia simu."

Wakapewa kazi moja: kuifanya ruta ya ofisini iongee na kabati la mtaani, lile sanduku linalogawa laini kwa nyumba. Kwanza visalimiane, kisha kabati liiambie ruta laini ipi imeamka, ipi imelala, na kasi yake.

Kazi ikazaa mapenzi.

"Mpenzi, kabati lako haliitikii salamu," dada akalalamika.

"Linataka kubembelezwa. Kama mwenyewe."

Siku moja ruta ikaonyesha kwamba laini ya nyumba ya marehemu mama yake Mrefu imeamka. Nyumba hiyo ilifungwa tangu mazishi.

"Umemweka mwanamke humo," dada akasema simuni.

"Hamna mtu, nakuapia."

"Nifungulie nione. Nikikuta hata kitana, tusijuane tena."

Tukaenda sote watatu. Vumbi la sakafuni halikuwa na unyayo. Waya wa ukutani ulikuwa umekatwa, unaning'inia. Kompyuta ya dada ikashikilia: imeamka.

Mrefu akajipiga paji la uso. Alipofunga kabati jipya la mtaa huu alinakili mipangilio ya lile la zamani, jina likiwemo. La zamani likahamishiwa mtaa mwingine, na ruta ikayaona yote mawili kama kabati moja: laini ya huko ikiamka, inahesabiwa ya hapa. Akabadilisha jina palepale, kwenye kompyuta ya dada. Laini ikalala.

"Nilikushuku bure," dada akasema. "Nisamehe."

"Kwa sharti moja. Nikuoe."

Kompyuta ikalia. Laini imeamka. Dada alikuwa ameushika ule waya uliokatwa, na ulikuwa na joto, kama umetoka mkononi mwa mtu.

"Mama amekubali," Mrefu akanong'ona.

"Na mimi nimekubali. Sasa tutoke humu, polepole, usikimbie."

Nami nilikuwa pembeni yao, kifua mbele...

"Kifua kipi?" Mlinzi wa nyumba ya jirani, kumbe anasoma nyuma ya bega langu. "Mdogo wangu, mlango haujafunguka wote, wewe tayari umejifungia kibandani kwangu, umenikumbatia mguu. Hayo ya ndani uliyaona saa ngapi?"