Boliti ya Chini

Nickson, rafiki yangu fundi pancha wa Gungu, si mtu wa kuzua. Alinunua kompresa ya kujazia upepo, iliyotumika, kwa mzee mmoja wa Bangwe, naye akamwonya, "Mwanangu, boliti ya chini ya tangi usiiguse."

Nickson akashuku. Tangi lisilomwagwa maji si huoza? Alipofika nyumbani akaifungua boliti, akamwaga maji ya kutu, akatia vikokoto vya ziwani, akalibingirisha lisuguike ndani, kisha akavitoa vyote.

Tangi likatulia, lakini mkwaruzo ndani ukaendelea, taratibu.

"Panya," alimwambia mkewe, Erica.

"Kapita wapi?"

Tundu la boliti halikupitisha hata kidole gumba. Nickson akamulika kwa simu, mkwaruzo ukakoma. Kwenye kutu, ndani kabisa, aliona michirizi mitano ya vidole, bado inachuruzika maji.